Ardhi ya Pwani: Mgeni Anunua Nini, na Sisi Twauza Nini?

Ndugu Wanachama,

Tangu msimu uliopita umalizike, wanachama kadhaa wamefika afisini kwetu na swali moja. Dalali amepita shambani, asema yuko mgeni atakaye mahali karibu na bahari ajenge nyumba ya kupumzikia. Bei aliyoitaja ni kubwa kuliko fedha ya karafuu ya misimu mingi. Je, tumuuzie? Kwa kuwa swali limekuwa la wengi, tumeona yafaa tulijibu hapa ili kila mwanachama asome, na asiyesoma asomewe na mwanawe.

Kwanza tuseme wageni hawa ni nani. Wengi ni watu waliofanya kazi umri wao wote katika nchi za baridi, kama Uingereza, Ujerumani na Italia. Sasa wamestaafu au wanakaribia kustaafu, wana malipo yao ya uzeeni, na wanataka kuishi palipo na jua. Wengine wataka nyumba ya likizo tu, wakae wiki chache kwa mwaka na siku zilizobaki waipangishe. Wapo pia ndugu zetu wenyewe walioko Oman, Uingereza na kwingineko, watakao kurudi kuzeeka nyumbani. Miaka mingi macho ya watu hawa yalikuwa Unguja, huko Nungwi, Paje na Jambiani. Huko pwani imekwisha kujaa, na sasa yanaangaza Pemba. Hatuna ugomvi nao hata kidogo. Mtu kutaka kupumzika uzeeni mahali pazuri si kosa. Kosa ni kufanya biashara ambayo hapana kati ya wawili aijuaye sheria yake.

Ardhi ni ya nani?

Wazee wetu wanakumbuka kuwa tarehe 8 Machi 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Jambo hilo halikubatilishwa. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 imesema kuwa ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, iliyo chini ya dhamana ya Rais. Sisi tunachokuwa nacho ni haki ya kuitumia, na haki hiyo hupewa Mzanzibari aliyetimiza umri. Ni haki yenye nguvu, maana hurithiwa, na huweza kuhaulishwa kwa mwingine ikiwa njia za sheria zimefuatwa. Lakini mgeni hapewi haki hiyo, awe na fedha kiasi gani.

Basi huyo mgeni hununua nini? Milango ya halali ni miwili. Wa kwanza ni kukodishwa ardhi kupitia Serikali na mamlaka ya uwekezaji, kwa miaka maalumu. Mkataba unaotajwa mara nyingi ni wa miaka 33, nao waweza kurefushwa hata ukafika 99. Wa pili umefunguliwa na Sheria ya Kondominio ya 2010, ambayo humruhusu mgeni kumiliki sehemu ndani ya jengo lenye wenyewe wengi, kama nyumba moja katika ghorofa. Majumba yanayouziwa wageni huko Fumba, Unguja, ni ya namna hiyo. Hata hapo, ardhi iliyo chini ya jengo haiwi ya mgeni.

Kwa hiyo mtu akikwambia, "Bwana, mgeni wangu atanunua shamba lako moja kwa moja, litakuwa lake daima," jua kwamba dalali huyo ama hajui au hakusudii mema.

Jina la kuazima

Madalali wengine hufungua mlango wa tatu ambao si mlango. Humwambia mwanachama: "Hati itabaki kwa jina lako, fedha itatoka kwa mgeni, na baina yenu mtaandikiana karatasi pembeni." Jambo hili laonekana jepesi, lakini tulitazame vizuri. Mgeni amelipa fedha kwa kitu ambacho sheria haimpi. Wewe umetia saini karatasi mbili zinazokanushana. Siku mkikosana yeye hana hoja madhubuti ya kupeleka mahkamani, na wewe ndiye utakayeulizwa na Serikali, maana jina ni lako. Ukifa je? Warithi wako watasema shamba ni la baba yao, na mgeni atasema ni lake. Wewe umelala kaburini, nyuma umeacha deni na ugomvi. Tumefundishwa tangu chuoni kuwa amana ni jambo zito. Mtu asijitwike amana ambayo hawezi kuitimiza.

Shamba lako ni la namna gani?

Kabla ya kutaja bei, mwanachama ajiulize shamba alilonalo limemfikiaje. Katika kisiwa chetu twajua namna nne.

Namna ya kwanza ni eka tatu. Mashamba haya yaligawiwa watu kuanzia 1965 ili wayalime. Sheria ya mgao wa ardhi ya 1966 ilimkataza aliyepewa kuyauza. Wengi waliopewa wamekwisha kufariki, na watoto wao hudhani kuwa kwa kukaa miaka mingi wamekuwa na ruhusa ya kuuza. Asiuze mtu eka tatu kwa neno la dalali. Aende kwanza afisi ya ardhi aulize.

Namna ya pili ni urithi usiogawanywa, na hapa ndipo pana hatari kubwa. Mathalan, marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na shamba lenye mikarafuu 40 iliyo sawa. Mke ana thumuni, yaani mikarafuu 5. Inabaki 35, nayo hugawanywa mafungu matano: kila mtoto wa kiume apata 14, na wa kike 7. Basi kaka mkubwa akitia saini peke yake kuuza shamba zima, ameuza mikarafuu 14 yake na 26 ya watu wengine. Mama na dada wasiseme "kaka ndiye ajuaye". Saini zao zatakiwa kama yake. Na tukumbuke kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi mshirika ana haki ya shufaa: mwenzio akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, wewe wa mbele kulichukua kwa bei ile ile.

Namna ya tatu ni wakfu. Shamba la wakfu haliuzwi wala halirithiwi, hata akiwa msimamizi wake ni ami yako. Mambo yake yako kwa Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana.

Namna ya nne ni shamba ulilolinunua au kulipata kwa njia iliyo wazi, nawe una hati. Huyu ndiye mwenye uhuru zaidi. Hata hivyo uhaulishaji wake hauna budi upitie Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya 1994. Mauziano yaliyofanywa barazani kwa mashahidi wawili na kikombe cha kahawa hayatoshi.

Jambo hili si geni

Vijana wanaweza kudhani kuwa kishawishi hiki kimekuja na watalii. Wazee wao walikionja kwa jina jingine. Ilikuwako bei ya khiyari. Mwenye shamba mwenye shida aliliuza kwa mtoa fedha kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda fulani, shamba litamrudia. Kwa maneno ilikuwa bei, kwa kweli ilikuwa mkopo. Karafuu ilipoporomoka bei, muda ukafika na fedha haipo, mashamba mengi yakaenda. Hali ilikuwa mbaya hata katika 1934 Serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo. Babu zetu hawakuwa wajinga. Waliona fedha iliyo mbele yao, wasione mwaka ulio nyuma ya fedha hiyo.

Nasi tuutazame mwaka huo. Mgeni aja hapa kwa kuwa kwao ana malipo ya uzeeni. Mkulima wa karafuu hana malipo hayo: malipo yake ya uzeeni ni mkarafuu. Mti huu hutaka miaka sita au saba, pengine zaidi, hata uanze kuzaa, lakini ukitunzwa huzaa miaka mingi, babu akapanda na mjukuu akachuma. Mwenye kuuza shamba hupata fedha mara moja. Hujenga, huoza mtoto, hununua gari, na fedha imekwisha. Msimu unaofuata huingia katika mashamba ya wenzake kwa ujira wa kuchuma. Hatusemi kuwa kila auzaye hufikia hapo. Twasema hesabu hiyo ifanywe kabla ya saini.

La kufanya

Mwanachama aliyeazimia kukodisha au kuhaulisha, tunamshauri afuate haya:

1. Amuone sheha wa shehia yake, kisha aende Kamisheni ya Ardhi ahakikishe shamba limeandikwa kwa jina la nani na mipaka yake iko wapi.

2. Awakusanye warithi wote, wanaume kwa wanawake, waliopo na walio safarini, na kila mmoja akubali kwa maandishi.

3. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili anachokifahamu, na ausome mwanasheria wake yeye, si wa dalali wala wa mgeni. Karatasi isiyosomeka isitiwe saini.

4. Fedha ipite benki, na shamba lisikabidhiwe kabla kibali hakijatoka.

5. Ndani ya mkataba itajwe njia ya kwenda pwani, kisima, makaburi na mikarafuu. Kwa desturi yetu mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Lisipoandikwa, mgeni atadhani kila asimamapo ni pake. Mkarafuu nao haukatwi bila ya kibali.

6. Awafikirie jirani. Ufukwe ni njia ya wavuvi na ni shamba la kina mama wa mwani, kilimo kilichoanza kule Paje na Jambiani katika 1989 na kikaenea hata kwetu. Ukuta mmoja waweza kufunga riziki ya mtaa mzima.

Kwa ndugu zetu walioko nje twaongeza neno moja. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine, hata akiwa amezaliwa Wete au Mkoani, asidhani haki yake ya ardhi iko vile vile kama alipoondoka. Aulize afisi ya ardhi kabla ya kutuma fedha, wala asimtumie binamu anunue kwa siri. Ndugu wengi wamekosana kwa jambo hili.

Likitokea shauri, lipo Baraza la Ardhi lililowekwa kwa sheria ya 1994 kusikiliza migogoro ya namna hii. Lakini shauri la ardhi huchukua muda mrefu na gharama, na shamba hulala bila ya kupaliliwa.

Afisi yetu haina dalali wala haitafuti ushuru katika mambo haya. Mwenye karatasi asiyoifahamu na ailete, tutaisoma pamoja naye na kumwelekeza panapohusika. Tunaloomba ni moja: aje kabla ya kutia saini, asije baada yake.

Wenu katika kazi,
Katibu