Lango la Wetheral: Kutoka kwa Bawabu hadi Ghala la Nyasi

Tuna desturi ya kuzisoma monasteri za Zama za Kati katika hati na kanuni zake tu, na kuwaachia wengine mawe. Makala hii yaangalia mawe, nayo ni ya jengo moja: nyumba ya lango ya Wetheral, karibu na mji wa Carlisle, kaskazini-magharibi mwa Uingereza.

Monasteri ya Wetheral ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 12 na Ranulf le Meschin, ikiwa tawi la abasia ya Mtakatifu Maria ya York. Watawa wake walikuwa Wabenediktini, shirika lile lile ambalo wasomaji wetu walifahamu kwa Peramiho na Ndanda. Nyumba ya lango tunayoiona leo ni ya karne ya 15. Imejengwa kwa mawe ya mchanga, ina orofa tatu pamoja na ile ya chini, na juu kabisa ukuta wake umekatwa meno kama wa ngome. Chini pana njia ya kupitia chini ya tao hadi ua wa nje wa monasteri, na kando yake chumba cha bawabu. Orofa mbili za juu ni vyumba vya kukaa watu.

Chumba kile kidogo ndicho ufunguo wa jengo zima. Katika sura ya 66 ya Kanuni yake, Benedikto aagiza kwamba langoni awekwe mzee mwenye busara, ajuaye kupokea ujumbe na kuurudisha, ambaye umri wake haumruhusu kuzurura; naye awe na chumba karibu na mlango, ili ajaye akute daima mtu wa kumjibu. Maskini akiita, bawabu amshukuru Mungu au aombe baraka, kisha ajibu upesi kwa upendo. Mjenzi wa Wetheral aliitafsiri sura hiyo kwa mawe.

Lakini je, yale meno ya ngome? Mpaka wa Uskoti haukuwa mbali, na nchi ile ilizoea mashambulio ya pande zote mbili. Hivyo lango lilipaswa kumfungulia mgeni na kumzuia adui, na bawabu ndiye aliyepambanua. (Kazi hiyo si nyepesi, kila aliyewahi kugongewa mlango wa nyumba ya mchungaji usiku aijua.) Tena Wetheral ilikuwa na haki ya kuwa mahali pa kukimbilia, mfano wa miji ya Yoshua 20. Mhalifu aliyefika aligonga kengele ya kanisa na kuapa kwamba atakaa kwa amani. Kwa hiyo hata mwenye hatia alikuwa na sababu ya kuja hapa.

Mwaka 1538, katika utawala wa Henry wa Nane, monasteri ilifungwa. Mahali pengi wakati ule risasi ya mapaa iliyeyushwa na mawe yakachukuliwa kwa ujenzi mwingine. Hapa Wetheral ilibaki nyumba ya lango na kipande cha ukuta kilicho karibu, basi. Jengo likapita mikononi mwa Kanisa Kuu la Carlisle, likawa nyumba ya mchungaji wa usharika katika karne ya 16 na ya 17. Baadaye likawa ghala la nyasi kavu za mifugo.

Wako wanaoona aibu katika hatua hiyo ya mwisho. Mimi sioni. Jengo lisilo na kazi huporomoka, au huwa machimbo ya mawe ya jirani. Bali nyasi zikilowa huoza, na mwenye nyasi hana budi kulitazama paa. Naamini mkulima alisaidia kulihifadhi lango hili kuliko wengi waliolisikitikia. Leo liko chini ya English Heritage, na mgeni aweza kupita chini ya tao lile, mbele ya chumba cha bawabu, bila kuulizwa na mtu.