Hifadhi ya Kudumu na Hifadhi ya Muda katika Seva za Wingu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii inawagusa pia watafiti wa Kiswahili wanaokodi seva za mbali, almaarufu seva za wingu, ili kuchanganua rekodi za fasihi simulizi. Kabla ya kupakia faili hata moja, yafaa waulize: data itahifadhiwa wapi?

Huduma ya EC2 ya kampuni ya Amazon, iliyoanzishwa mwaka 2006, ni mfano mwafaka. Hifadhi yake ya muda ni diski iliyomo ndani ya mashine inayoendesha seva. Kwa kuwa diski hiyo i karibu, data husomwa na kuandikwa kwa kasi kubwa. Hata hivyo, uhai wake umefungamana na uhai wa seva. Seva ikiwashwa upya, data husalia. Ikisimamishwa, ikifutwa, au diski yenyewe ikiharibika, data hutoweka.

Mwaka 2008, Amazon ilianzisha EBS, ambayo ni hifadhi ya kudumu. Diski zake hukaa nje ya mashine na huunganishwa na seva kupitia mtandao. Seva inaweza kusimamishwa, na diski ikaunganishwa na seva nyingine data ikiwa salama. Mteja huendelea kuilipia hata seva isipofanya kazi. Aidha, kudumu huku kuna mipaka: kwa kawaida diski yenye mfumo endeshi hufutwa pamoja na seva, isipokuwa mteja abadilishe mpangilio huo mapema.

Basi mtafiti achague vipi? Kigezo cha msingi ni iwapo data inaweza kuundwa tena. Orodha za maneno na faili za mpito zinazozalishwa na programu zinaweza kuwekwa katika hifadhi ya muda, kwani zikipotea programu itazizalisha upya. Rekodi asilia za ngano, manukuu yake na maelezo ya mtafiti hustahili hifadhi ya kudumu, pamoja na nakala nyingine mahali tofauti. Gharama ya diski hulipwa kila mwezi na hujulikana mapema. Lakini fanani mkongwe akishaaga dunia, rekodi yake iliyofutika haina bei wala mbadala.