Je, Wajua? Vigezo na Masharti ya Meseji Zako

Je, wajua kwamba mwaka 2016 Baraza la Watumiaji la Norway lilikusanya masharti ya programu 33 za kwenye simu ya mtu wa kawaida, likayasoma kwa sauti, neno kwa neno, moja kwa moja mtandaoni? Ilichukua karibu saa 32. Wewe ulibonyeza "Nakubali" kabla chai haijapoa.

Je, wajua kwamba hata kidole gumba ni sahihi? Mkulima mmoja wa Saskatchewan, Kanada, alitumiwa kwa meseji picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, akajibu kwa 👍. Mzigo hakuupeleka. Alijitetea kwamba alimaanisha tu "nimeipata", lakini mwaka 2023 jaji akaona ameshasaini, na mkulima akatakiwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Wanaojibu kila kitu kwa dole, hasa kwenye makundi ya michango, wajihadhari.

Je, wajua ukigombana na WhatsApp utashtaki wapi? Kwa mujibu wa masharti, mtumiaji wa Tandika au Kisumu anapaswa kupeleka kesi yake California, iamuliwe kwa sheria za California. Mtumiaji wa Ujerumani ana mkataba na kampuni nyingine, iliyoko Ireland, na sheria za Ulaya zinamlinda. Programu ni ile ile, mkataba ni mwingine. Nauli ni juu yako.

Je, wajua kwamba bibi yako mwenye kitochi huenda namba yake ilishapita kwenye mitambo ya WhatsApp? Ukiiruhusu programu isome majina kwenye simu yako, hukagua namba zote, za wanaoitumia na za wasioitumia. Kampuni inasema namba ya asiye mtumiaji hugeuzwa kuwa alama ya siri kabla ya kuhifadhiwa. Hata hivyo, Septemba 2021 mamlaka ya data ya Ireland iliitoza faini ya euro milioni 225 kwa kutowaeleza watu vya kutosha inachofanya na taarifa zao, wakiwemo hao wasio watumiaji.

Hapa ndipo faragha inapovuja zaidi, nami naona hatupaongelei inavyostahili. Majina yaliyomo kwenye simu yako ni mali ya watu wengine. Nchini Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, shilingi 2,975,000. Kosa lake: kutumia majina na namba za watu ilizozipata kupitia kwa wengine, watu hao wakaishia kupokea simu na meseji za vitisho. Aliyewahi kupigiwa simu saa moja asubuhi kuhusu deni la binamu yake hahitaji kuelezwa zaidi.

Je, wajua kwamba tangu Aprili 2016 meseji za WhatsApp kati ya watu hufungwa kwa fumbo kutoka simu hadi simu, hata kampuni yenyewe isiweze kuzisoma njiani? Kwa hiyo ule ujumbe wa "kuanzia kesho wataanza kusoma meseji zetu, tuma kwa watu kumi" unakumalizia bando bure. Kinachobaki wazi ni mambo ya pembeni: unatumia simu gani, mtandao gani, uliingia lini. Barua ina lakiri, bahasha inasomeka.

Na fumbo lenyewe lina milango. Mtu akikuripoti, meseji zako tano za mwisho kwake huenda kwa kampuni, nawe huambiwi. Nakala unazohifadhi Google Drive au iCloud hazifungwi kwa fumbo hilo mpaka uliwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Nenda ukaangalie sasa hivi, safu hii itakusubiri.

Je, wajua kwamba Telegram, inayosifiwa kwa usiri, haifungi mazungumzo ya kawaida kwa fumbo la namna hiyo? Lazima uanzishe mazungumzo ya siri, na ni ya watu wawili tu, makundi hayamo. Septemba 2024, wiki chache baada ya mwanzilishi wake, Pavel Durov, kukamatwa Ufaransa, ilibadili masharti na kusema itatoa namba za simu na anwani za IP za wavunja sheria pale mamlaka zinapoziomba kisheria.

Signal, programu nyingine ya meseji, nayo ilitakiwa itoe taarifa za mtumiaji mwaka 2016 na waendesha mashtaka wa Virginia, Marekani. Ilitoa mambo mawili tu: akaunti ilifunguliwa lini, na mara ya mwisho iliunganishwa lini. Mengine haikuwa nayo.

Je, wajua kwamba masharti yanaweza kumbana mkubwa pia? Mwaka 2019 simu takriban 1,400 zilishambuliwa kupitia WhatsApp kwa Pegasus, programu ya udukuzi ya kampuni ya Israel, NSO. Desemba 2024 jaji wa California aliamua kwamba NSO ilivunja sheria za udukuzi, na pia ilivunja mkataba wa watumiaji wa WhatsApp. Ndiyo, ule ule ambao hukuusoma.

Je, wajua kwamba faragha ya mawasiliano imo kwenye katiba zetu? Tanzania ni Ibara ya 16, Kenya ni Kifungu cha 31. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023. Ya Kenya ni ya 2019. Zote zinakupa haki ya kuiuliza taasisi ina taarifa gani zako na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Kwa sheria hiyo ya Kenya, shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Mwisho: kuiondoa WhatsApp kwenye simu hakufuti akaunti. Lazima uifute ndani ya programu yenyewe, na kampuni inaweza kuchukua hadi siku 90 kufuta taarifa zako. Meseji ulizokwisha kutuma hubaki kwenye simu za uliowatumia.