Kilio cha Machakos na Malezi ya Watoto Wetu



Usiku wa Jumapili, tarehe 17 Disemba 2017, baada ya sala ya Isha, mama mmoja wa mtaani kwetu alinipigia simu. Tulipokwisha kuamkiana alisema: "Maalim, mwanangu amekataa chakula. Amejifungia chumbani analia. Baba yake amekasirika, asema mtoto wa kiume halilii mpira. Niambie, nifanyeje?"

Nilimuuliza mtoto ana umri gani. Akaniambia miaka 13. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nilimjibu kwa haraka: "Mwanangu, mwambie huo ni mchezo tu, hauna maana yoyote. Alale, kesho atasahau." Mama yule akanishukuru kwa adabu, akakata simu. Jawabu lile lilitoka kinywani mwangu, na leo napenda kulirekebisha mbele yenu, kwa sababu najua nyumba nyingi zimo katika hali ile ile.

Kwanza tukumbushane kilichomliza mtoto yule. Siku hiyo, katika Uwanja wa Kenyatta mjini Machakos, ilichezwa fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA baina ya Kenya, waliokuwa wenyeji, na Zanzibar. Vijana wa Unguja na Pemba, wakiongozwa na kocha wao Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, walikuwa wamekwisha kuwafunga Rwanda, wakawafunga ndugu zao wa Tanzania Bara, na katika nusu fainali wakawatoa Uganda, waliokuwa mabingwa watetezi. Zanzibar ilikuwa imelitwaa kombe hilo mara moja tu, mwaka 1995, huko Uganda. Wachezaji wengi wa mwaka 2017 walikuwa ama hawajazaliwa wakati ule, ama walikuwa wachanga mikononi mwa mama zao.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mzito kwao. Mwezi wa Machi, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Mpira wa Afrika. Furaha ilitanda visiwani. Haukupita hata mwezi wa Julai ila uanachama ule ulikuwa umekwisha kufutwa, kwa hoja kwamba Zanzibar si dola kamili. Basi vijana wale walipofika Machakos mwezi wa Disemba walikuwa na jambo la kuthibitisha kwa miguu yao.

Kenya walitangulia kufunga mapema kupitia Ovella Ochieng. Dakika za mwisho, watu wakidhani mambo yamekwisha, Khamis Mussa Makame akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Masoud Juma akaipatia Kenya bao la pili, na punde si punde Khamis huyo huyo akalirudisha. Yakawa mabao mawili kwa mawili, ikabidi mshindi apatikane kwa mikwaju ya penalti. Hapo mlinda lango wa Kenya, Patrick Matasi, akaizuia mikwaju mitatu, na Kenya wakatwaa kombe kwa penalti tatu dhidi ya mbili.

Sisi watu wa mwambao wa Kenya tulikuwa katika mtihani wa peke yake siku ile. Kenya ni nchi yetu, na ushindi wake ni wetu. Lakini ni nyumba ngapi za Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga zisizokuwa na shangazi Unguja au mjomba Pemba? Mtoto yule aliyekuwa akilia, nyanya yake mzaa mama ni mtu wa Unguja. Baba yake alikuwa akiishangilia Kenya. Ukumbi mmoja, mkeka mmoja, na mioyo miwili. Ndipo nilipoelewa baadaye kwamba hasira ya baba na kilio cha mtoto havikuwa vya mpira peke yake.

Na Machakos nayo si ugenini kwetu kama wengine wanavyodhani. Mji ule, ambao jina lake linatokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba, ulikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara, hata kabla Nairobi haijawa mji. Wafanyabiashara wa Kikamba nao walikuwa wakiteremka mpaka Mombasa na bidhaa zao tangu karne ya kumi na tisa. Zamani mtu wa pwani na mtu wa Ukambani walikutana kwa sababu ya pembe, nguo na shanga. Siku ile vijana wa visiwani walipokewa na mji huo huo, zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa, kwa sababu ya mpira. Hiyo ni faida ya kwanza ya michezo ambayo hatuna haki ya kuidharau: inawakutanisha watu ambao bila hiyo wasingeketi pamoja. Kujuana ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu ametutajia katika Surat al-Hujurat kuwa ndiyo hekima ya kuumbwa kwetu mataifa na makabila.

Sasa nirudi kwenye jawabu langu. Wiki chache baada ya simu ile nilikuwa nikisomesha, tukafika katika habari ya ngamia wa Mtume (S.A.W.) aliyeitwa al-Adhbaa, kama ilivyopokewa na Anas bin Malik (R.A.) na kuthibitishwa na Imam Bukhari. Ngamia huyo alikuwa hashindwi mbio. Siku moja akaja Mwarabu wa jangwani na ngamia wake kijana, akampita al-Adhbaa. Jambo lile likawa zito kwa Waislamu, hata Mtume (S.A.W.) akalitambua katika nyuso zao.

Niliposoma mahali pale, nilinyamaza. Watu wale walikuwa ni Masahaba, mabwana wa umma huu, nao waliona uchungu kwa sababu ya mbio za ngamia. Je, Mtume (S.A.W.) aliwaambia kuwa mbio ni upuuzi? Hakuwaambia hivyo. Je, aliwakemea kwa huzuni yao? Hakuwakemea. Alichofanya ni kuuchukua uchungu wao na kuufanya somo: akawafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakipandi juu kitu chochote cha dunia ila hukishusha. Ngamia akashindwa, nyoyo zikafundishika.

Mimi nilipewa nafasi kama ile ya kumfundisha mtoto, nikaitupa. Nilimwambia mama yake jambo lile halina maana, hali mtoto mwenyewe alikwisha kuona kwa macho yake kuwa lina maana. Mtoto akiambiwa kuwa anachokihisi si kitu, haachi kukihisi, huacha kutueleza. Na hapo ndipo tunapowapoteza.

Ndugu zangu, dini yetu haikuja kuwafunga watu viungo. Imepokewa kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, na wote wana kheri. Mtume (S.A.W.) alipanga mbio za farasi Madina: farasi waliofunzwa wakawekewa masafa marefu, na wasiofunzwa wakawekewa masafa mafupi. Tazameni uadilifu huo. Hakumshindanisha mnyonge na mwenye nguvu kisha akasema mshindi ni huyu. Mwalimu yeyote wa michezo angeweza kuanzia hapo.

Kina mama nanyi msidhani kuwa habari hizi ni za wanaume peke yao. Bibi Aisha (R.A.) ametuhadithia kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini, akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, wakashindana tena, safari hii Mtume (S.A.W.) akamshinda, naye akamtania kuwa wamelipana. Na siku ya Idi, Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini, alimsitiri kwa nguo yake huku yeye akitazama, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe aliporidhika. Mwenye kusema kuwa mchezo na furaha havina nafasi katika nyumba ya Mwislamu, na azingatie nyumba ile.

Kwa hivyo binti zetu nao wana haki ya afya ya miili yao. Kwa miaka mingi mtoto wa kike mwenye kujisitiri alifungiwa mlango katika mashindano rasmi. Lakini mwaka 2014 wasimamizi wa sheria za kandanda duniani waliruhusu rasmi kufunika kichwa uwanjani, na mwaka 2017 shirikisho la mpira wa kikapu duniani likafuata. Udhuru huo umeondoka. Lililobaki ni letu wazazi: kutafuta mahali pa stara, mwalimu mwanamke anayeaminika, na nyakati zisizogongana na sala na masomo. Binti asiyetembea, asiyekimbia, anayeshinda juu ya kiti na simu mkononi, hatumhifadhi, tunamdhoofisha.

Lakini kila kizuri kina mipaka yake, na mpira una mitego mitatu ambayo sina budi kuitaja.

Wa kwanza ni sala. Mechi yenye muda wa nyongeza ni dakika 120 za mchezo, ukiacha mapumziko na penalti. Ni muda wa kutosha Alasiri kupotea au Magharibi kupita. Mwenye kuanza kutazama na apange sala yake kabla, asingojee mpaka filimbi ya mwisho.

Wa pili ni ulimi. Kijana anayetukana wachezaji, au anayedharau kabila na nchi ya mwenzake kwa sababu ya jezi, mchezo umemshinda hata timu yake ikishinda. Waswahili walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza: asiyejua kushinda kwa adabu naye bado hajawa mshindani. Vijana wa Zanzibar walirudi kwao bila kombe, wakapokewa kwa shangwe kubwa, kwa sababu watu wao walijua kutofautisha baina ya kushindwa na kuaibika.

Wa tatu ndio unaonitia hofu zaidi, nao ni kamari. Siku hizi kijana hahitaji kwenda popote. Anaweka pesa kwa simu akiwa amelala kitandani, na mama yake anadhani anasoma. Kamari imetajwa katika Surat al-Ma'idah pamoja na ulevi, ikaitwa uchafu katika kazi ya shetani, na tukaelezwa kuwa huingiza uadui na chuki na huzuia watu na kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Nimeketi na wake waliokosa pesa za kodi, na wazazi waliogundua kuwa karo ya shule imekwisha kuliwa kabla ya kufika shuleni. Usiku ule wa Machakos mtoto yule alilia kwa mapenzi. Naamini wako waliolia kwa pesa walizoweka. Kilio cha kwanza hukauka na huenda kikamlea mtu. Cha pili hubomoa nyumba.

Basi mzazi afanye nini? Aketi na mtoto, atazame naye. Amuulize kwa nini anaipenda timu ile. Amfundishe kumpongeza aliyeshinda. Amwulize waziwazi kama rafiki zake huweka pesa, wala asimpigie kelele akijibu ukweli. Na siku moja katika wiki baba atoke naye uwanjani, kwani mtoto hujifunza zaidi akicheza kuliko akitazama. Haya hayana gharama kubwa. Yanataka muda tu.

Nilimwendea yule mama na mumewe kuwaomba radhi. Mtoto aliitwa, akaja akaketi kwenye mkeka kwa haya. Nikamsimulia habari ya al-Adhbaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Maalim, je, yule ngamia alishindana tena?" Nikamwambia sikumbuki kusoma habari hiyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini Masahaba walihuzunika?" Nikamjibu, "Naam, mwanangu, walihuzunika." Akamtazama baba yake. Baba yake akacheka, akamwekea mkono begani.

Nilitoka pale nikiwa mwanafunzi zaidi kuliko maalim. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwalea watoto wetu kwa upole, awape siha katika miili yao na stara katika mwenendo wao, awakinge na kamari na kila lililo mfano wake, na atufanye miongoni mwa wenye kushukuru wanaposhinda na kusubiri wanaposhindwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.