Nyumba Njema si Mlango

Wahenga wametuachia msemo usemao kwamba nyumba njema si mlango, bali fungua uingie ndani. Tunaukumbusha msemo huu leo kwa sababu kazi ya kusanifu mitambo, majengo na vyombo vya bahari, ambayo zamani ilifanywa mezani kwa rula na penseli, sasa inafanywa kwa kompyuta. Mchoro unaotoka humo hupendeza machoni, una rangi na vivuli, na huzungushwa kama kitu kilicho mkononi. Hata hivyo, mwenye dhamana ya kuuidhinisha aghalabu huonyeshwa mlango tu, na akatia saini bila ya kuingia ndani.

Katika programu za kusanifu kwa kompyuta, kila kipande cha mtambo huchorwa peke yake, kisha vipande vyote huunganishwa kuwa mkusanyiko mmoja. Tuchukue mfano wa pampu ya maji. Kwa nje tunaliona kasha la chuma, bolti na mdomo wa bomba. Lakini uhai wa pampu umo ndani: shafti, beringi, sili ya kuzuia maji yasivuje, na gurudumu lenye mapanga linaloyasukuma maji hayo. Ili kuviona vitu hivi, mchoraji hulifanya kasha liwe angavu kama kioo, jicho likapenya hadi ndani huku umbo la kasha likibaki mahali pake. Hapo ndipo mtu anapoweza kuuliza kama fundi ataifikia sili ile kwa spana bila ya kuing'oa pampu nzima.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa umuhimu wa jambo hili. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Fundi wa majahazi akishaweka mkuku, akasimamisha hanamu na fashini, akapanga mataruma na kupigilia mbao, mtazamaji wa nje haoni tena kilichoishika bodi. Fundi mwenyewe anayo sura yote ya batini kichwani mwake, na mwenye chombo akitaka kujua, atamweleza. Kompyuta imekuja na uwezo wa kuitoa sura hiyo kichwani mwa mtu mmoja na kuiweka mbele ya macho ya watu kumi. Hiyo ni neema kubwa, lakini ina faida pale tu inapotumika.

Nayo haitumiki ipasavyo, kwa sababu ya ucheleweshaji. Mchoraji hukigusa kipande kimoja kwa kipanya, akafungua menyu, akatafuta amri ya uangavu, akaithibitisha, kisha akakiendea kipande kingine na kuanza upya. Tufanye hesabu. Ikiwa mkusanyiko una vipande 40 vinavyotakiwa kuwa angavu, na kila kimoja kinahitaji miguso minne, jumla yake ni miguso 160, na mingine 160 ya kuvirudisha vilivyokuwa. Wajumbe wa kikao wamekaa wakisubiri, kompyuta inakwama kila mchoro unapozungushwa, na mwishowe mwenyekiti husema kuwa tumeona vya kutosha. Swali lililokuwa liulizwe haliulizwi. Kosa ambalo lingerekebishwa kwa dakika tano likiwa bado ni mchoro hugunduliwa chuma kikiwa kimeshakatwa, na fedha za umma zimeshalipwa.

Ni vyema basi tuelewe asili ya uzito huu, kwani asiyejua chanzo cha maradhi hununua dawa isiyofaa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha mfumo wake wa Sketchpad, ambao ulimwezesha mtu kuchora juu ya skrini kwa kalamu ya nuru. Mwaka 1974 Edwin Catmull, katika Chuo Kikuu cha Utah, alieleza njia nyepesi ya kuamua kipi kionekane na kipi kifichwe. Kwa kila nukta ya skrini, kompyuta huhifadhi umbali wa kitu kilicho karibu zaidi na mtazamaji. Kikija kingine, umbali hulinganishwa: cha karibu hubaki, cha mbali hutupwa. Haijalishi kipi kimetangulia kuchorwa, na kazi hiyo huenda kwa kasi kubwa.

Kipande angavu huivunja kanuni hii. Kilicho nyuma yake hakiwezi kutupwa, kwani lazima kionekane. Rangi ya nyuma inapaswa kuchanganywa na rangi ya mbele, na kanuni za mchanganyiko huo ziliwekwa wazi mwaka 1984 na Thomas Porter na Tom Duff. Lakini mchanganyiko hutegemea utaratibu: cha nyuma kwanza, cha mbele baadaye. Mchoro ukizungushwa, kilichokuwa nyuma huwa mbele, na upangaji huanza upya. Mwaka 2001 Cass Everitt alieleza njia ya kuumenya mchoro tabaka baada ya tabaka, kama mtu amenyavyo kitunguu. Picha yake hutoka sahihi, lakini kila tabaka hudai mchoro upitiwe tena tangu mwanzo. Huo ndio mzigo unaoilemea kompyuta.

Isitoshe, uangavu ukizidi huharibu kile ulichokusudiwa kukionyesha. Tuseme kila uso wa kasha unapitisha asilimia 75 ya nuru. Kasha lina uso wa nje na wa ndani upande wa mbele, na nyuso mbili kama hizo upande wa nyuma. Baada ya uso wa kwanza hubaki asilimia 75, baada ya wa pili 56, wa tatu 42, na wa nne 32. Zikiwa nyuso nane, hubaki asilimia 10 tu, na macho huona ukungu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuharakisha ni kuchagua: kilicho cha lazima kionekane kibaki kizito, ukuta mmoja au miwili unaokizunguka ufanywe angavu, na kisichohusika kifichwe kabisa. Kipande kilichofichwa hakiisumbui kompyuta kwa kuchanganya rangi wala hakilisumbui jicho.

Kanuni ya pili ni kuvishika vipande kwa pamoja. Amri moja iliyotolewa kwa vipande 40 vilivyoteuliwa kwa mkupuo huondoa takriban miguso yote tuliyoihesabu. Programu nyingi za aina hii humruhusu pia mtumiaji kuipa amri anayoitumia mara kwa mara herufi moja ya kibodi, asilazimike kuitafuta ndani ya menyu. Katika programu ya SolidWorks, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1995, ipo safu ya mwonekano inayofunguliwa kwa kitufe cha F8, ambako uangavu wa kila kipande hubadilishwa pembeni mwa jina lake. Humo humo kitufe cha Tab hukificha kipande kilicho chini ya mshale, na Shift ikibonyezwa pamoja na Tab hukirudisha.

Kanuni ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni kuandaa kabla ya kikao. Programu hiyo huweza kuhifadhi hali kadhaa za mwonekano ndani ya mkusanyiko mmoja, kila hali ikikumbuka kipi kimefichwa, kipi ni angavu na kipi kina rangi gani. Mchoraji akiandaa hali tatu, yaani umbo la nje, kasha likiwa angavu, na viungo vya ndani peke yake, hatahangaika mbele ya wajumbe. Atabadilisha hali kama mtu afunguavyo ukurasa. Aidha, akiuandika uangavu katika hali ya mkusanyiko, na si katika faili la kipande chenyewe, hatashangaa kukikuta kipande hicho kimekuwa kioo katika michoro mingine inayokitumia.

Kanuni ya nne inahusu mipangilio ya programu. SolidWorks humpa mtumiaji hiari ya kuwa na uangavu wa daraja la juu wakati mchoro umetulia, na wa daraja la chini wakati unazungushwa. Anayedai daraja la juu nyakati zote hulipa kwa kukwama kwa kompyuta. Vile vile ni lazima kuhakikisha kwamba kadi ya michoro ndiyo inayofanya kazi, kwani kadi isiyotambuliwa na programu huweza kuiacha kazi yote ya kuchora ifanywe na kichakato kikuu, na hapo hata kompyuta ya bei kubwa hutambaa kama kobe.

Wasiokuwa na uwezo wa kununua leseni nao hawakuachwa nyuma. Programu ya FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002 na kufikia toleo lake la 1.0 mwezi Novemba 2024, hutolewa bila ya malipo. Ndani yake uangavu ni namba kuanzia 0 hadi 100, na namba hiyo huweza kuandikwa mara moja kwa vipande vingi vilivyoteuliwa. Mwenye ujuzi kidogo wa lugha ya Python anaweza kuandika mistari michache itakayoligeuza kila kasha kuwa angavu kwa amri moja. Mwanafunzi wa skuli ya ufundi anaweza kuyafanya haya kwa kompyuta ya kawaida, bila ya kusubiri msaada wa mtu.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kununua mashine mpya zenye nguvu zaidi. Hatupingi kwamba siku huja ambapo chombo kikuukuu hakina budi kubadilishwa. Lakini anayetoa miguso 160 kwa kompyuta ya zamani ataitoa miguso hiyo hiyo kwa kompyuta mpya. Utaratibu mbovu haurekebishwi kwa fedha.

Pia tusije tukaupa uangavu sifa isiyokuwa yake. Mchoro angavu huonyesha kilichochorwa, hauonyeshi kilichojengwa. Vipande viwili huweza kuonekana vimekaa vizuri ilhali kimoja kimeingia ndani ya mwili wa kingine kwa milimita moja. Kwa hayo ipo amri ya kukagua migongano ya vipande, ipo michoro ya mkato, na yupo mkaguzi mwenye kipimo mkononi. Kazi ya uangavu ni kulizaa swali. Jibu hutafutwa kwa vipimo.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, ofisi yoyote inayopokea michoro ya mitambo kwa ajili ya kuidhinisha iweke sharti kwamba michoro hiyo iletwe ikiwa na hali za mwonekano zilizokwisha kuandaliwa, mojawapo ikionyesha batini ya mtambo. Faili la asili liletwe pamoja na lile la muundo wa STEP, kwani hali hizo huweza kupotea njiani faili linapogeuzwa kutoka programu moja kwenda nyingine. Pili, vyuo na skuli za ufundi zimfundishe kijana utaratibu huu tangu mwanzo, sambamba na kumfundisha kuchora. Tatu, kabla ya kuomba fedha za kompyuta mpya, wakuu wa ofisi wahakikishe kwamba zilizopo zimepangwa sawasawa.

Rai hizi hazihitaji bajeti kubwa. Zinamtaka mchoraji ajitayarishe, na zinamtaka afisa asione haya kusema: "Ndugu, hebu tuonyeshe ndani." Ombi hilo likijibiwa kwa sekunde mbili, litarudiwa tena na tena. Likijibiwa kwa robo saa, halitarudiwa. Mwananchi atakayefungua mfereji wake alfajiri akategemea maji yatoke hatajua lolote kuhusu makasha na vioo, lakini yeye ndiye anayestahili kwamba mtu fulani, kabla ya kutia saini, aliingia ndani akatazama.