Sogea Kidogo, Mpenzi! Lakini Nani Anasogea?

Mwezi huu nakuletea neno moja tu la Kiingereza: "adjust". Usicheke! Najua unalijua tangu sekondari. Lakini mimi uzito wake niliujua Bangalore, kusini mwa India, nilikokwenda kusomea mawasiliano. Mji huo tangu Novemba 2014 jina lake rasmi ni Bengaluru. Huko neno hili linasikika kwenye basi, sokoni, na pia kwenye ndoa. Na kwenye ndoa ndiko kwenye kazi.

Tuanze na maana

Kwa Mwingereza, unaweza "ku-adjust" kioo cha gari, kiti, mkanda au saa. Yaani unakirekebisha kikae sawa. Mtu naye ana-adjust akihamia mji mpya au akianza kazi mpya: anazoea mazingira.

Neno hili lilipitia Kifaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini "juxta", maana yake "karibu na". Baadaye watu wakalihusisha na "justus", yaani "-a haki". Ukaribu na haki ndani ya neno moja! Liweke hilo akilini, tutalirudia.

"Swalpa adjust maadi"

Lugha ya jimbo la Karnataka, ambalo makao yake makuu ni Bengaluru, ni Kikannada. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 43 wenye lugha hiyo kama lugha mama. Kikannada kina neno lake zuri tu la jambo hili, "hondikollu": kuendana, kukaa na mwenzako bila mgongano. Lakini mtaani utasikia zaidi "swalpa adjust maadi". "Swalpa" ni kidogo, na "maadi" ni "fanya" ya heshima. Wanachukua kitenzi cha Kiingereza wanakiongezea chao, kama sisi tunavyosema "nime-enjoy" au "ata-confirm".

Kiti cha watu wawili, anakuja wa tatu. Anatabasamu: "Swalpa adjust maadi." Wale wawili wanajibana, safari inaendelea. Dereva wa bajaji hana chenji? Swalpa adjust maadi. Umealika wageni wanne wametokea saba? Ndiyo hivyo hivyo. Sisi wa daladala tunaelewa: "Dada, sogea kidogo."

Nililipenda neno hili. Leo unaombwa wewe, kesho unaomba wewe. Na hata ukibanwa vipi, kituo chako kitafika utashuka.

Likiingia ndani ya ndoa

Mama mwenye nyumba wetu, ambaye wapangaji wote tulimwita Aunty, alikuwa na mpwa wake aliyeolewa karibuni. Binti alikuwa akipiga simu karibu kila jioni. Kaacha kazi kwa sababu wakwe hawataki, anaamka kabla ya kila mtu, na mshahara wa mume anausikia tu. Aunty alimsikiliza kwa huruma kabisa, kisha akamwambia: "Swalpa adjust maadko."

Angalia kidude hicho cha mwisho, "ko". Kwanza ni namna ya kusema na mdogo wako. Pili, kinabeba maana ya kujifanyia mwenyewe, kama "ji" yetu. Kwa hiyo binti aliambiwa ajirekebishe yeye. Mume hakupigiwa simu na mtu. Kwenye basi walijibana wawili, humu ndani anajibana mmoja, na kituo hakijulikani!

Kwa taarifa yako, India ina sheria ya mwaka 2005 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili wa nyumbani. Haikuishia kwenye kipigo. Inagusa pia matusi, mateso ya kihisia na kunyimwa fedha. Mambo ambayo shangazi wengi wangeyaita ya "ku-adjust" tu.

Kwetu je?

Usiwacheke Wahindi, shosti. Nenda kitchen party yoyote Dar uhesabu neno "vumilia" limetajwa mara ngapi. Halafu uniambie kama kuna siku umesikia bwana harusi akipewa somo la saa nne. Na wanaume nao wapo wanaobanwa: anayelea ukoo mzima wa mkewe huku akiambiwa "ndiyo uanaume", naye kavumilishwa.

Kipigo hapa hakimo kabisa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Hapo hakuna cha kusogea kidogo.

Lakini kwa yale mengine, Kiswahili kimetupa silaha ndogo: "-ana". Kuvumilia anaweza mtu mmoja, peke yake, miaka ishirini. Kuvumiliana hawezi. Kuchukuliana hawezi. Lazima wawe wawili. Ule ukaribu na haki wa neno la Kilatini, kwetu vimo kwenye herufi tatu.

Jipimeni

Kaeni na mwenzi wako, simu pembeni, mjibu haya:

1. Mara tatu za mwisho mlipotofautiana, nani alisogea? Kama jina ni lile lile mara zote, hapo hamchukuliani, mmoja kabebeshwa.

2. Kituo kiko wapi? "Mama atakaa nasi hadi apone" ina mwisho. "Tutaona" haina.

3. Yule anayesogea siku zote akisema "hapana, hili siwezi", patakalika? Kama anaogopa kusema, basi hata ile ndiyo yake ya kila siku haikuwa ya hiari.

Kioo cha gari unaki-adjust bila kukiuliza. Mwenzi wako anaulizwa. Anza leo usiku na swali la kwanza, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.