Majivu ya pumba yaweza kupunguza saruji, lakini si kwa mkulima mmoja

Kwa muda mrefu Wagogo wamekuwa wakichanganya udongo na samadi ya ng'ombe wanaposiriba tembe. Mabaki ya majani yaliyomo kwenye samadi huushika udongo usipasuke. Siku hizi wengi mkoani Dodoma hujenga kwa saruji, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, na mkulima hulazimika kuuza mazao ili kuinunua.

Nchini Uholanzi, mtaalamu Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft alibuni zege lenye bakteria. Bakteria hao hulala ndani ya zege pamoja na chakula chao. Maji yakipenya kwenye ufa, huamka na kutengeneza madini ya chokaa yanayouziba. Hata hivyo, gharama yake bado ni kubwa kwa mjenzi wa kawaida.

Kilicho karibu ni pumba za mpunga, ambazo hurundikana kwenye mashine za kukoboa wilayani Bahi. Majivu yake yana silika nyingi. Silika hiyo huungana na chokaa inayotolewa na saruji, ikawa gundi ya kushika mchanga na kokoto. Majivu mazuri yanaweza kushika nafasi ya asilimia 10 ya saruji, yaani kilo 5 katika kila kilo 50.

Je, yanalipa? Tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba, na hizo hubakiza kilo 40 hivi za majivu. Huko ni kuokoa chini ya mfuko mmoja wa saruji. Kwa mkulima mmoja, faida ni ndogo. Kwa mwenye mashine au kikundi cha wafyatua matofali wanaokusanya pumba za tani 100, ni sawa na mifuko 80.

Aidha, majivu ya jikoni hayafai. Pumba zichomwe kwa moto usiozidi nyuzi 700, kisha majivu yasagwe laini kabisa. Ni vyema kujaribu matofali machache kwanza, na kwa nguzo au lenta kumwona mhandisi wa halmashauri.

Njia isiyohitaji majivu wala bakteria ni kumwagilia matofali kwa siku 7 na kuyafunika. Kwa jua la Dodoma, tofali lililokauka haraka hupoteza nguvu ambayo mwenyewe ameshailipia.